Kabla hujanunua GPS ya mkononi: mwongozo kwa watembeaji wa Nakuru, Kisumu na Magharibi

Ingia duka la elektroniki kwenye Kenyatta Avenue hapa Nakuru, useme unataka GPS. Aghalabu muuzaji atakuletea kidude cheusi chenye nyaya, kile kinachofichwa chini ya dashibodi ili mwenye matatu ajue dereva amelaza gari wapi. Ukisema si hicho, utaonyeshwa saa ya mkono. Nilipokuwa natafuta yangu nilizungushwa hivyo asubuhi nzima, mpaka muuzaji mmoja akaniuliza, "Kwani mzee, wewe hupima mashamba?" Nikamwambia hapana, mimi hutembea tu. Akanitazama viatu, akacheka.

Kifaa ninachozungumzia hapa kinatoshea kiganjani, kina kioo kidogo na vitufe, kinakula betri mbili, hakina laini ya simu wala hakihitaji bando. Kwa kawaida hakitumi chochote kwa setilaiti. Kazi yake ni kusikiliza setilaiti zilizo umbali wa kilomita 20,200 hivi juu yetu. Kikishasikia nne, kinaweza kukokotoa mahali ulipo, mwinuko wako na saa. Za kwanza zilikuwa za Marekani. Leo Warusi wana GLONASS, Ulaya ina Galileo na Wachina wana BeiDou, na vifaa vipya husikiliza kadhaa kwa pamoja.

Zamani Marekani iliharibu makusudi usahihi wa mawimbi ya raia, hata ukaweza kukosea kwa mita mia moja. Ikaacha kufanya hivyo usiku wa kuamkia 2 Mei 2000. Siku iliyofuata, tarehe 3, Dave Ulmer wa Oregon alificha ndoo porini na kutangaza viwianishi vyake, yaani namba za latitudo na longitudo, ili mwenye GPS aende kuitafuta. Huo ndio mwanzo wa jiokeshingi, mchezo wa kusaka visanduku vilivyofichwa. Jina lisikudanganye, hakuna keshi ndani. Utakuta kidaftari cha kuandika jina lako, na pengine kijitu cha plastiki kilichoachwa na mtoto wa mtu.

Nitasema mapema ninachoamini: wengi niliowaona wakipotea huku kwetu hawakuponzwa na mashine ya bei rahisi, waliponzwa na mipangilio. Kwa hiyo hatua ya mipangilio nitaivuta kuliko nyingine zote.

Hatua ya kwanza: hakikisha simu haitoshi

Kama unaenda Kit Mikayi au kwenye Jiwe Linalolia la Ilesi, simu inatosha. Boda atakushusha karibu nalo. Pakua ramani nyumbani kwa programu kama OsmAnd au Organic Maps, uzime data, na bado utajiona kwenye ramani, kwa sababu kupokea setilaiti hakuhitaji mtandao.

Simu inashindwa kwa mambo mengine. Jua la saa saba likiipiga, kioo hugeuka kama kigae. Mvua ikinyesha, vidole havishiki. Ukirekodi njia kutwa nzima, jioni inazima. Tena ni simu hiyohiyo yenye M-Pesa yako: ikianguka kwenye mawe ya Menengai, lile shimo la volkano hapa Nakuru, umepoteza ramani, benki na namba ya dereva kwa mpigo mmoja. Ukiwa unatoka mara moja kwa mwaka, nunua betri ya ziada ya simu, uishie hapo. Ukiwa unatoka kila mwezi, endelea kusoma.

Hatua ya pili: taja unakokwenda

Msitu wa Kakamega una miti mirefu yenye majani mazito, na majani yakilowa hudhoofisha mawimbi. Kifaa kinachokupa mita tatu hadi tano uwanjani kinaweza kukupa kumi au zaidi chini ya miti ya Isecheno. Menengai shida ni kuta: wimbi linagonga genge kisha linakufikia likiwa limechelewa, na kifaa kinadhani uko mahali pengine. Kwa sehemu hizi mbili, mashine inayosikiliza masafa mawili, L1 na L5, ina faida ya kweli.

Ziwani ni kinyume. Mbingu yote iko wazi, mashine yoyote inasoma vizuri, na hatari pekee ni maji. Vifaa vingi vimeandikwa IPX7, maana yake vinavumilia mita moja ya maji kwa dakika thelathini. Kuvumilia maji si kuelea. Vingi huzama kama jiwe, kwa hiyo ukipanda mashua Dunga kifunge kwa kamba kwenye chupa tupu ya plastiki.

Mlima Elgon unataka betri za siku kadhaa na kipima-mwinuko. Koitobos, kilele cha upande wetu, kina mita 4,222, na baridi ya huko hunyonya betri za kawaida haraka. Beba za lithiamu.

Hatua ya tatu: tazama vitu vitano, vingine achana navyo

Antena. Kifaa chenye pembe fupi juu, kama simu za zamani, kina antena ya waya uliosokotwa, hushikwa wima. Kisichokuwa na pembe kina antena bapa. Hulazwa kiganjani kioo kikitazama mbingu. Watu wengi hukining'iniza kifuani kikitazama miti, kisha wanakilaumu.

Vitufe au kioo cha kugusa. Chukua vitufe. Utanishukuru siku utakapokuwa na matope mkononi.

Betri. Zile za AA, za saa ya ukutani, hupatikana hata dukani Kapsokwony. Kifaa chenye betri ya ndani hudumu zaidi kwa chaji moja, lakini ikiisha njiani imeisha. Nakuru iliwahi kuwa mji wa betri. Kiwanda cha Eveready kilifanya kazi hapa tangu 1967 hadi kilipofungwa 2014, na wazee wa mtaa wetu bado huipima tochi kwa kuuliza inakula mawe mangapi. Mimi pia huuliza GPS hivyo.

Dira ya kielektroniki. Kifaa kisicho nayo hujua upande unaoelekea ukiwa unatembea tu. Ukisimama, mshale unayumba. Kwa barabarani haina neno. Kwa kusaka kisanduku, ambako mita kumi za mwisho unazunguka jiwe moja kama kuku anayetafuta pa kutagia, ni adha tupu.

Nafasi ya kadi ya kumbukumbu, kwa ajili ya ramani. Nitaifikia.

Usilipie neno WAAS lililoandikwa kwenye boksi. Ni mfumo wa kusahihisha uliojengwa kwa ajili ya Amerika Kaskazini, na hapa hautusaidii.

Hatua ya nne: chagua jina

Soko hili limeshikwa na Garmin, basi nitazungumzia mashine zao. eTrex SE ilitoka 2023 ikiuzwa karibu dola 150 Marekani. Inakula AA mbili, inadumu hadi saa 168, inaongea na simu kwa Bluetooth, lakini haina ramani, ni mshale na mistari tu. Kwa msaka visanduku anayeanza inatosha sana. eTrex 22x ina ramani za rangi, kumbukumbu ya GB 8 na nafasi ya kadi. 32x ni hiyohiyo ikiongezewa dira ya kielektroniki na kipima-mwinuko cha hewa. Bei zikiwa zimepishana kidogo, ongeza hizo pesa uchukue 32x.

Juu yake kuna GPSMAP, zenye pembe. Herufi ya mwisho ina maana: 64s na 65s zina dira na kipima-mwinuko, 64 na 65 tupu hazina. 65s inasikia masafa mawili. 67 ina betri ya ndani ya hadi saa 180. 67i, iliyotoka ikiuzwa dola 600, inaweza pia kutuma ujumbe wa dharura kupitia setilaiti za Iridium, ila huduma hiyo hulipiwa usajili. Ni mashine ya kiongozi anayepeleka watu Elgon au Cherangani. Kwa mtu wa Jumamosi ni kununua trekta ya kulimia kitalu cha sukuma.

Bei hizo ni za kwao. Ongeza usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16. Kama ningekuwa naanza leo nikiwa na mfuko wangu uleule, ningechukua 32x mpya au 64s ya mtumba.

Hatua ya tano: ipime kabla ya kulipa

Ya mtumba isikutie hofu, lakini usiipime ndani ya duka. Chini ya mabati haitasikia kitu, na muuzaji atakuambia "ni mtandao tu." Toka nayo nje, mahali unapoona mbingu, uiwashe, uiweke chini, uagize chai. Mashine iliyokaa miaka kwenye droo, au iliyoletwa kutoka ng'ambo, haijui setilaiti zipi ziko juu yake. Ratiba nzima ya setilaiti hutangazwa kwa dakika 12 na nusu, kwa hiyo ipe dakika ishirini. Ikizidi hapo bila kujua ilipo, irudishe.

Wakati unangoja, fungua mfuniko wa betri. Unga mweupe au wa kijani kwenye springi ni betri zilizovuja. Bonyeza kila kitufe mara kumi. Vuta kidogo mpira wa ubavuni. Ukiachia, vumbi limeshaingia. Elekeza kioo kwenye jua, kwa sababu huko ndiko utakakokisomea.

Kisha tazama tarehe. GPS huhesabu wiki hadi 1,024 halafu huanza upya, na ilianza upya tarehe 6 Aprili 2019. Mashine za zamani ambazo hazikusasishwa huonyesha mwaka wa ajabu, miaka karibu ishirini nyuma. Mara nyingi mahali bado husomwa sawa, lakini kila njia utakayorekodi itakuwa na tarehe ya uongo. Ni sababu nzuri ya kupunguziwa bei.

Hatua ya sita: mipangilio

Kaa chini na kikombe. Huku kwetu Ikweta inapita, na hiyo peke yake inatutega kuliko watu wa nchi nyingine.

Anza na herufi. Nakuru iko Kusini mwa Ikweta, kama dakika 17 za latitudo (digrii moja ina dakika 60), longitudo ya digrii 36 na dakika 4 Mashariki. Mashine nyingi zikitoka kiwandani zina N pale mbele, kwa sababu waliozitengeneza wanaishi Kaskazini. Ukiandika namba zote sawasawa ukasahau kugeuza N iwe S, mashine haitalalamika. Itakuelekeza kilomita 63 kaskazini, karibu na maji moto ya Ziwa Bogoria. Niliwahi kukaa kwenye jiwe Menengai nikishangaa kwa nini kisanduku kiko kilomita hamsini na kitu ilhali nilishaambiwa kiko ukingoni. Kwa mtu wa Kisumu kosa hilohilo linamtupa Vihiga. Ni baya zaidi, kwa kuwa umbali ni mdogo na linaonekana kama jambo linalowezekana. Ukivuka Maseno, kwenye alama ya Ikweta, herufi inageuka ukiwa ndani ya matatu. Kakamega na Bungoma ni N. Nakuru, Kericho, Kisumu na Homa Bay ni S. Iandike kwa kalamu mgongoni mwa kifaa.

La pili ni mtindo wa kuandika. Ramani ya simu itakupa desimali, mathalani -0.28615. Jiokeshingi hutumia digrii na dakika zenye desimali. Usizihamishe hivihivi. Chukua sehemu ya desimali, zidisha kwa 60: 0.28615 mara 60 ni 17.169. Kwa hiyo unaandika S 00° 17.169, na ile alama ya kutoa ndiyo iliyokuwa S. Asiyejua huandika S 00° 28.615 na kujikuta kilomita 21 kusini, upande wa pili wa Ziwa Nakuru. Kwenye mashine nenda palipoandikwa Position Format, uchague hddd° mm.mmm'. Tarakimu ya mwisho hapo ina thamani ya mita 1.85, basi usiikate.

La tatu ni msingi wa ramani, yaani pale namba zote zinapoanzia kuhesabiwa, palipoandikwa Map Datum. Uache kwenye WGS 84, ambao ndio wa GPS na wa visanduku vyote. Lakini ukiwa na zile ramani za karatasi za Survey of Kenya za 1:50,000, hizo zimechorwa kwa msingi wa Arc 1960, na tofauti kati ya misingi hiyo miwili ni takriban mita 300. Mita mia tatu ukingoni mwa Menengai ni tofauti ya kuwa juu na kuwa chini. Ukisoma namba kutoka kwenye karatasi, badilisha msingi uwe Arc 1960, ingiza namba, kisha urudishe WGS 84. Mashine itajigeuzia yenyewe.

Ramani hizo za karatasi hutumia gridi ya UTM, inayogawa dunia kwa kanda na kuhesabu mahali kwa mita, na hapo kuna mtego wetu wa mwisho. Mpaka wa kanda ya 36 na ya 37 ni longitudo ya digrii 36, nao unapita kati ya mji wa Nakuru na Njoro. Ukitoka mjini kwenda Njoro, namba ya mashariki inaruka kutoka karibu 166,000 hadi karibu 834,000 bila wewe kuruka popote. Si mbovu. Umebadilisha kanda. Kisumu, Kakamega na Elgon zote ni 36.

Yaliyobaki ni mepesi. Mwambie kifaa aina ya betri uliyotia, kwani ya kuchaji ina volti 1.2 na ya kawaida 1.5, na usipomwambia atadhani betri imeisha mapema. Pima dira upya kila ukibadilisha betri, na usiipime karibu na simu. Kipima-mwinuko cha hewa kirekebishe mahali unapojua urefu. Ufukwe wa Kisumu ni kama mita 1,135.

Hatua ya saba: tia ramani

Ramani inayokuja na mashine, kwa Kenya, ni mistari michache ya barabara kuu. Pakua bure ramani ya Kenya ya OpenStreetMap iliyotayarishwa kwa Garmin, faili yenye mwisho wa img. Kadi iwe ya GB 32 au chini, iliyofomatiwa FAT32. Tengeneza humo folda inayoitwa Garmin, utie faili ndani, uwashe. Cyber yoyote mjini watakufanyia ukiwaeleza hivyo. Vijia vya Kakamega na Menengai utaona vimechorwa na watu waliotembea huko. Vingine vimeshaota majani.

Hatua ya nane: toka nayo, lakini kwanza mtaani

Weka alama langoni kwako, tembea kilomita moja, rudi kwa mshale. Fanya hivyo siku tatu tofauti, uone lango linahama kwa mita ngapi. Hiyo ndiyo namba ya kweli ya mashine yako, si ile ya kwenye boksi.

Kwenye kusaka: ukifika ndani ya mita kumi, weka mashine mfukoni utumie macho. Jiwe lililokaa mahali ambapo mawe hayakai. Omba ruhusa kwa mwenye shamba, maana mtu anayepekua ua wa mwenzake akitazama kidude ataulizwa, na atastahili kuulizwa. Ukitaka kuficha chako, tumia mkebe wa plastiki unaoonyesha ndani, uandike nje ni mchezo gani. Mkebe mweusi uliofungwa kwa utepe utaitiwa polisi. Ndani ya hifadhi za KWS, shirika la wanyamapori, usifiche kitu bila idhini.

Na kitu kimoja cha Menengai. Tulishuka kutoka ukingoni watu wanne, gari tukiwa tumeliwekea alama. Saa tisa ukungu ukashuka. Mashine ikasema gari liko mita 640, mshale umenyooka, na kijana mmoja akaanza kuufuata kwa furaha. Mbele yake kulikuwa na ukuta wa genge. Mshale huchora mstari ulionyooka. Hauna habari na genge, mto wala ng'ombe wa mtu. Tulichokihitaji ni ile njia tuliyojia, iliyokuwa imerekodiwa tangu juu, na amri ya TrackBack ya kuifuata kinyumenyume. Ilitupeleka upande ambao sote tuliona si wenyewe, mbali na gari kwanza, mita 640 zikawa 900, kisha 1,100, kijana akinung'unika nyuma yangu kila namba ilipopanda. Ilipofika 1,150 kijia kikapinda na kuanza kupanda.

Kwa hiyo washa kurekodi kabla hujafunga mlango wa gari, na betri mbili za akiba ziwe mfuko wa shati, si chini ya begi.